Ile chipu ya dola moja ni ya nani?

Najua nimepotea wiki mbili, msinisute. Kulikuwa na testi tatu mfululizo, halafu laptop ya kuazima nayo ikarudi kwa mwenyewe. Leo sina stori ya foleni ya bumu wala ya wali wa kantini wenye mawe. Leo naleta historia, ndiyo somo langu la kufundishia. Atakayekimbia akimbie, atarudi tu.

Ilianza hivi. Mwenzangu wa chumbani anasoma uchumi, hapa nitamwita Mchumi. Ana ugonjwa mmoja: usiku watu wakilala yeye anaangalia video za poka kwenye simu. Hachezi, hana hela ya kuchezea, anaangalia tu kama wengine wanavyoangalia mpira wa Ulaya. Jumanne usiku nikachungulia kidogo. Meza ya duara-duara, watu tisa, na katikati yao dada mmoja mwenye shati jeusi anagawa karata. Jamaa mwenye kofia akashinda. Akavuta chipu zote upande wake (chipu, siyo chipsi mayai, tuelewane), kisha akachukua moja akamrushia yule dada. Dada akaigonga mezani, tak tak, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaendelea kugawa kama hakuna kilichotokea.

Nikamuuliza Mchumi, "Hiyo si rushwa hiyo?"

"Bakshishi," akasema. "Ndiyo ustaarabu wa pale. Ukishinda unamwachia mgawa karata dola moja."

"Kwani halipwi mshahara?"

"Analipwa. Ndiyo maana mimi nisingempa hata senti. Ukimpa unamsaidia tajiri wa kasino asimwongezee mshahara."

Akageukia ukutani akalala. Mimi usingizi ukakata kabisa, na sababu nitaisema waziwazi: mimi nimesomeshwa na bakshishi.

Dada yangu mkubwa alihudumia mezani kwenye hoteli moja ya watalii. Jina la hoteli silitaji na msiniulize. Nilipokuwa kidato cha tano, nauli, madaftari, michango na sabuni vilitoka kwake. Si kwenye mshahara, maana mshahara ulikuwa unaishia kwenye pango la chumba na unga. Vilitoka kwenye noti ambazo wageni waliziacha chini ya kisahani. Baadaye uongozi ukaleta utaratibu mpya: kila bakshishi iingie kwenye kisanduku kimoja pale kaunta, itagawiwa Jumamosi. Ufunguo wa kisanduku alikuwa nao msimamizi. Dada alikuwa na kijidaftari, anaandika kila alichoachiwa na meza zake. Wiki moja kijidaftari kilisoma elfu arobaini na mbili. Jumamosi akapewa elfu tatu. Alipouliza akaambiwa na wasimamizi nao ni sehemu ya huduma.

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya semina ya historia ya wafanyakazi, chagua desturi moja ya kazini uifuatilie ilikotoka, sikuhangaika. Nilichukua ile chipu. Hizi hapa ni nondo zangu, nimezipunguzia tai na koti ili ziingie barazani.

Tuanze na neno. Bakshishi tumelipata kutoka Kiajemi, na neno hilohilo utalisikia Cairo na utalisikia Delhi. Sisi wenyewe tuna majina kibao ya kitu kinachokaribiana na hicho: ahsante, kiinua mgongo, chai, maji ya kunywa. Angalia yanavyoteleza. Ahsante ni heshima. Kiinua mgongo mstaafu anakidai kama haki yake. Chai, ukiipeleka ofisini kabla hujahudumiwa, una kesi. Nchi yetu ililionja hilo mahakamani: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Kwa hiyo tusiwacheke Wamarekani wakibishana chipu moja ni zawadi, ni ujira au ni hongo. Sisi tulibishana kuhusu pilau.

Sasa Marekani. Ukitaka kuelewa chipu ya Las Vegas inabidi kwanza upande treni.

Desturi ya kumpa mhudumu pesa Wamarekani waliitoa Ulaya, na ilishika kwa nguvu baada ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, ile iliyoisha 1865. Watumwa wakaachiwa huru, lakini uhuru bila shamba na bila mtaji, kazi utapata wapi? Mwaka 1867 George Pullman akaanzisha kampuni ya mabehewa ya kulala, treni za kifahari zenye vitanda na mashuka. Akawaajiri wanaume weusi, mwanzoni wengi wao waliokuwa watumwa, wawe mabawabu: kutandika vitanda, kubeba mizigo, kung'arisha viatu vya abiria usiku abiria wakilala. Mshahara mdogo makusudi. Kinachobaki abiria atakijazia.

Mwaka 1915 tume ya serikali ya uhusiano wa viwandani ilichunguza jambo hili, na ikaonekana bawabu wa Pullman anaanzia dola 27.50 kwa mwezi. Miongoni mwa walioitwa kutoa maelezo ni Robert Todd Lincoln, aliyekuwa rais wa kampuni hiyo kuanzia 1897 hadi 1911. Ndiyo, mtoto wa Abraham Lincoln. Baba kasaini tangazo la kuwaachia huru watumwa, mtoto anaongoza kampuni ambayo watoto wa watumwa hao wanaishi kwa kutabasamu ili waongezewe. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Na kuna hili la jina. Abiria hawakujisumbua kuuliza bawabu anaitwaje. Wote walikuwa "George", jina la tajiri wao, kama zamani mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1914 kikaanzishwa hata chama cha kupinga mabawabu kuitwa George, lakini usifurahi mapema. Waliokianzisha walikuwa wazungu wenye jina hilo, wanaona wao ndio wanaodhalilishwa! Kha.

Waliowatetea mabawabu kweli ni mabawabu wenyewe. Mwaka 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, wakapigana miaka kumi na mbili, na 1937 kampuni ikasaini nao mkataba. Madai yao hayakuwa kwamba abiria waongeze bakshishi. Walidai mshahara wa kueleweka na saa za kazi za kueleweka. Hilo naomba mlishike mkononi, nitalirudia.

Wakati huohuo kulikuwa na Wamarekani walioichukia bakshishi kabisa. Walisema ni mambo ya makabaila wa Ulaya, nchi ya watu sawa haiwezi kuwa na mtu anayenyoosha kiganja na mtu anayedondoshea. Jimbo la Washington likapitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 1909. Mississippi, Arkansas, Iowa, South Carolina na Tennessee zikafuata. Mwaka 1916 mtu mmoja, William R. Scott, akatoa kitabu kizima cha kuipinga. Kufika 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimeshafutwa. Utamfunga nani? Anayetoa anataka, anayepokea anataka, na mwajiri ndiye anayetaka zaidi ya wote.

Hadi hapo hakuna karata hata moja, najua. Sasa zinakuja.

Poka yenyewe ni ya zamani, ilichezwa kwenye meli za mto Mississippi karne ya kumi na tisa. Lakini jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba kumpa bakshishi mgawa karata wa poka ni desturi changa kuliko mchezo wenyewe, kwa sababu kwa muda mrefu hapakuwa na mgawa karata wa kumpa. Wachezaji waligawa wenyewe kwa zamu. Kule Gardena, California, mji uliojaa klabu za poka tangu miaka ya 1930, wachezaji waligawiana wenyewe kwa miongo kadhaa, na klabu ilijipatia fedha kwa kutoza ada ya kiti kila nusu saa. Mgawaji wa kuajiriwa ni jambo la nyumba za Nevada, jimbo lililohalalisha kamari mwaka 1931. Alipokuja yeye mambo mawili yakabadilika: udanganyifu wa kuchezea karata ukapungua, na mezani akaongezeka mtu wa kumi asiyecheza lakini anayehitaji kula.

Hapa ndipo inabidi nieleze meza inavyofanya kazi, maana bila hivyo maadili yake hayaeleweki. Mchumi alinichorea kwenye daftari, namshukuru.

Kwenye michezo mingine ya kasino, kama ile ya ishirini na moja, mgawaji anaichezea nyumba. Wewe ukishinda, tajiri kapoteza. Kwenye poka nyumba haichezi. Wachezaji wanakulana wenyewe kwa wenyewe, na nyumba inachukua makato kwenye kila fungu, mara nyingi asilimia kumi mpaka kikomo fulani. Mgawa karata ni refa. Anachanganya, anagawa, anahesabu dau, anasema zamu ya nani, anaangalia nani kashinda, anasukuma fungu. Kila nusu saa hivi anahama meza ili asizoeane na watu. Chipu akipewa haruhusiwi kujichotea mwenyewe kwenye fungu, lazima mchezaji aitoe. Ile tak tak niliyoiona ni ya kamera za juu zione kwamba chipu hii ni yake, hajaiba.

Kwenye meza za kawaida za dau dogo Marekani desturi ni dola moja kwa fungu ulilolishinda. Ukishinda fungu dogo lisilo na maana, hakuna anayekushangaa usipotoa. Ukishinda kubwa sana, unaongeza. Anayeleta vinywaji, ambavyo mara nyingi nyumba haivitozi, naye anapewa dola yake au zaidi. Kwa lugha ya wafanyakazi wa kasino bakshishi inaitwa "toke", na mtoaji mzuri anaitwa... George! Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu maktaba mpaka mlinzi akanitazama. Kwenye treni George ni anayepokea, kasino George ni anayetoa.

Halafu kuna tofauti moja kubwa ya ndani. Kwenye meza nyingine za kasino, chipu zote za wagawaji zinaingia kapu moja na kugawanywa sawa. Kwenye vyumba vingi vya poka kila mgawaji anabaki na zake. Mwenye mikono ya haraka anapata zaidi, kwa sababu mafungu ni mengi zaidi kwa saa. Mchumi anasema hiyo ndiyo haki. Mimi nauliza, na yule aliyepangwa meza ya wazee wanaofikiri dakika tatu kila karata, kosa lake ni lipi?

Hesabu yake hii hapa, ya kukadiria. Tuseme meza inatoa mafungu thelathini kwa saa, na ishirini kati ya hayo yanaachia dola. Mgawaji anapata dola ishirini kwa saa juu ya mshahara. Nevada hairuhusu mwajiri kupunguza mshahara wa chini kwa sababu ya bakshishi, na tangu Julai 2024 kima cha chini pale ni dola 12 kwa saa. Majimbo mengine mambo ni mabaya: sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kulipa dola 2.13 tu kwa saa kama bakshishi zinafikisha kima cha chini, na hiyo 2.13 haijasogea tangu 1991. Mimi sikuwa nimezaliwa. Geuza upande wa mchezaji sasa: anashinda mafungu matatu hivi kwa saa, dola tatu. Akicheza saa elfu moja kwa mwaka, dola elfu tatu. Kwa anayeishi kwa poka hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi. Kwa hiyo ubahili wa wachezaji wa kulipwa si roho mbaya tu. Nakubali, ingawa inaniuma kukubali.

Je, hiyo chipu ni zawadi? Swali hili lilifika mahakamani kwelikweli, kwa sababu ya kodi. Mahakama ya juu ya Marekani mwaka 1960, kwenye kesi ya Duberstein, ilisema zawadi isiyotozwa kodi ni ile inayotoka kwenye ukarimu usio na maslahi ndani yake. Basi mgawaji mmoja wa mchezo wa dadu wa Las Vegas akasimama mahakamani: jamani, mimi siruhusiwi kumpendelea mteja, wengi hawanipi kitu, wachache wanaonipa wanatoa kwa furaha au kwa imani ya bahati. Si zawadi hiyo? Mahakama ya kwanza ikamwambia kweli, ni zawadi. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1976, kwenye kesi ya Olk dhidi ya Marekani, mahakama ya rufaa ikageuza. Hoja yao inachekesha lakini ina akili: mtu anayetoa sadaka kwa miungu ya bahati akitegemea irudi imefurika, huyo hana ukarimu usio na maslahi. Ana maslahi mpaka kwenye kope. Kwa hiyo ni kipato, lipa kodi.

Fikiria wafanyakazi walivyolipokea hilo. Mwajiri anasema hizo si mshahara wangu, siwezi kukuhakikishia. Mteja anasema ni hiari yangu. Serikali inasema ni kipato. Yaani wakati wa kulipa ni mshahara, wakati wa kudai ni zawadi. Kisa hicho kimepinduka tena hivi karibuni: sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaruhusu wafanyakazi wa bakshishi, wagawa karata wakiwemo, kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi kwenye kipato kinachotozwa kodi ya mapato ya shirikisho, kwa miaka ya 2025 hadi 2028. Ahadi yenyewe Trump aliitangazia Las Vegas, Juni 2024, akiwa kwenye kampeni. Hakuchagua mji kwa bahati mbaya.

Wengine walikata shauri kwa njia nyingine kabisa. Uingereza, chini ya sheria zao za zamani za kamari, mgawaji wa kasino hakuruhusiwa kupokea bakshishi, mpaka sheria mpya ya 2005 ilipoanza kutumika mwaka 2007. Australia hadi leo ukimrushia mgawaji chipu anairudisha. Hofu yao ni ya moja kwa moja: mtu anayegusa karata asiwe na sababu ya kukupenda wewe kuliko mwenzako. Ufaransa nao walikwenda upande wa pili, huko wagawaji wa kasino kwa muda mrefu waliishi hasa kwa chipu za washindi, na ukitoa unashukuriwa kwa niaba ya wafanyakazi wote.

Nilijaribu kujiuliza hofu ya Waingereza ina ukweli gani kwenye poka. Jibu langu ni kwamba hatari haiko kwa mgawaji sana, kwa sababu chipu inakuja baada ya fungu kuamuliwa, macho tisa yanaona, na kamera juu. Hatari iko mlangoni. Chumba kikijaa kuna orodha ya kusubiri kiti, na yuko mtu mwenye kalamu anayeita majina. Noti ikiingia kwenye kiganja cha yule mtu kabla jina lako halijafika, aliyekutangulia kaibiwa zamu yake, na hajui. Hiyo hata uiite toke, kwetu inajulikana jina lake. Kwa hiyo mimi naangalia mambo mawili: imetolewa kabla au baada, na ni nani anaumia gizani. Mwalimu wa semina aliniambia kigezo changu ni chepesi mno, kwa sababu mteja wa kila siku anayetoa vizuri anajenga "kabla" ya kesho kwa "baada" ya leo. Sikuwa na jibu. Bado sina.

Haya, sasa ndiyo sehemu iliyonitoa usingizini.

Mwaka 2006, kasino ya Wynn Las Vegas ilibadilisha mgao wa kapu la bakshishi kwenye meza zake, ikawaingiza na wasimamizi wa karibu wa wagawaji. Wagawaji walikuwa wanapata vizuri sana, wengine kuliko wasimamizi wao, mpaka hakuna mgawaji aliyetaka kupandishwa cheo. Kampuni ikaona dawa ni kumwongezea msimamizi. Kutoka wapi? Kutoka kwenye kapu. Si kutoka kwenye faida ya nyumba, hapana, kwenye kapu.

Nilisoma hapo nikaona kisanduku cha dada pale kaunta na ufunguo ukining'inia kiunoni.

Wagawaji wakaenda kwa kamishna wa kazi wa Nevada, wakaenda mahakamani. Mwaka 2007 wakapiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kura za ndiyo zilikuwa nyingi mno. Mwaka 2008 mahakama ya juu ya Nevada ikawaambia hawawezi kushtaki moja kwa moja kwa sheria ile, waanzie kwa kamishna. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikasema utaratibu wa kampuni ni halali: sheria inamkataza mwajiri kujichukulia bakshishi, na huyu hajajichukulia, amewagawia wafanyakazi wengine. Nikisoma lugha ile naielewa. Nikimkumbuka dada na kijidaftari chake siielewi tena. Msimamizi akilipwa kwa chipu za mgawaji, mshahara ambao tajiri hakuutoa umekwenda mfukoni kwa nani?

Mwaka 2018 bunge la Marekani likarekebisha sheria ya shirikisho: mwajiri haruhusiwi kubaki na bakshishi za wafanyakazi kwa sababu yoyote, na mameneja na wasimamizi haruhusiwi kuwapa sehemu yake. Miaka kumi na mbili baada ya kapu lile kufunguliwa.

Nilipowasilisha semina, Mchumi alikuja kusikiliza ingawa si somo lake, akakaa nyuma. Mwishoni akanyoosha mkono. "Mwalimu, si umeonyesha mwenyewe nilichosema? Pullman alilipa kidogo kwa sababu abiria walitoa. Wangegoma kutoa, angelipa."

Nikamwambia hapana, soma tarehe. Majimbo yalipiga marufuku kutoa, na mshahara haukupanda kwa sababu hiyo. Mkataba ulikuja 1937 kwa sababu mabawabu walijipanga. Wewe ukikaa kwenye meza ya poka ukabana dola yako kwa jina la kanuni, hujamgusa tajiri, umemgusa yule dada mwenye shati jeusi peke yake, usiku ule ule. Kama unataka kumgusa tajiri kuna njia na inajulikana, ina jasho na inachukua miaka. Unaweza kutoa chipu na bado ukaunga mkono chama chao. Hata hivyo nilimkubalia jambo moja mbele ya darasa zima: pale ambapo mshahara ni wa kutosha na sheria inakataza, kama Australia, kumlazimishia mtu chipu si wema, ni kujionyesha.

Akasema, "Sawa, lakini kwenye mashindano je? Pale nyumba inakata asilimia ya ada kwa ajili ya wafanyakazi." Ni kweli, kwenye mashindano mengi makubwa ya poka sehemu ya ada au ya zawadi hutengwa kwa wagawaji. Basi aliyeshinda atoe tena? Nikasema kama imekatwa na imeandikwa, hadaiwi. Asome tu karatasi ajue imekatwa kweli. Watu wakacheka. Sikuwa nachekesha.

Jioni nikampigia dada. Siku hizi hayupo hotelini, ana genge lake la mboga. Nikamweleza habari za 2006 na 2018, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hao waliokatwa miaka yote hiyo, walirudishiwa?" Nikamwambia sheria mpya inaanza mbele, mdai wa zamani ana safari yake nyingine. Akasema, "Nilijua." Halafu akaniambia kile kijidaftari bado anacho, kiko kwenye begi la vyeti. Nilidhani alikitupa. Nikamuuliza anakitunza cha nini. "We mdogo wangu, si kuna majina ya wageni waliokusomesha?"

Leo mchana nilikula kwa mama ntilie wa geti la nyuma, wali maharage. Bumu limeingia kwa hiyo nilikuwa na roho ya George. Nikaacha mia tano juu ya bei nikaondoka. Nimefika kwenye mwembe nasikia nyayo, mtoto wake ananikimbilia na mia tano mkononi. "Mama anasema umekosea hesabu."

Nimwambie nini sasa? Nikaipokea.